Risasi ya Nne

Ndani ya bomba la risasi la bunduki nyingi zinazotumika kuwinda bata nchini Marekani mna kijiti. Huweza kuwa cha mbao au cha plastiki, na kazi yake ni moja tu: kujaza nafasi. Bunduki iliyoundwa kubeba risasi tano inabeba tatu, mbili bombani na moja chemba. Sheria ya serikali kuu ya nchi hiyo imedai hivyo tangu 1935 kwa kila anayewinda bata na bata bukini, na askari wa wanyamapori akimkuta mtu amejibanza kwenye matete hahitaji maneno mengi. Anasukuma risasi bombani moja moja. Ya tatu ikiingia, mwenye bunduki ana kesi ya kujibu. Ukilitazama vizuri, jambo hili linashangaza. Watu walisumbua akili kwa miaka wakapata chombo kinachopiga mara tano bila mkono kukishughulikia, kisha wakachonga kijiti ili kisipige mara tano. Kijiti hicho kinamlinda nani? Jibu la haraka ni kwamba kinamlinda bata. Mimi naona jibu hilo limeshika nusu tu ya ukweli. Nusu iliyobaki inatupeleka kwenye swali ambalo watu wa dini na wanafalsafa walilichimba zamani, kabla baruti haijajulikana: mtu anawajibika hadi wapi kwa kitendo ambacho chombo kimemrahisishia mpaka kinakaribia kukitenda chenyewe?

Chombo chenyewe kina asili inayofaa kusimuliwa. John Moses Browning alizaliwa Ogden, Utah, katika mji wa Wamormoni ulio karibu na mabwawa ya Bear River, pale mto huo unapomwaga maji yake kwenye Ziwa Kuu la Chumvi na mamia ya maelfu ya bata hutua kila msimu. Alikuwa muumini; miaka ya 1887 hadi 1889 aliacha karakana yake akaenda kuhubiri imani yake kusini mwa nchi. Aliporudi akaanza kuichezea fikra moja: nguvu inayopotea bunduki inapolia, yaani moshi unaotoka na teke linalopiga bega, kwa nini isifanye kazi ya kuijaza bunduki upya? Kwa bunduki ya marisau alichagua teke. Risasi ikilia, mtutu na kitasa hurudi nyuma pamoja. Mtutu hutangulia kurejea mbele, ganda tupu likaruka nje, kitasa kikafuata kikisukuma risasi mpya chemba. Mwindaji hafanyi lolote ila kuvuta kidole tena. Hataza ilitolewa mwaka 1900. Kampuni ya Winchester, iliyozoea kununua miundo yake moja kwa moja, ilikataa kumlipa fungu kwa kila bunduki itakayouzwa. Akageukia Remington, na siku aliyokwenda kuionyesha, Januari 1902, rais wa kampuni hiyo akafariki ghafla. Basi Browning akavuka Atlantiki, na bunduki iliyokuja kujulikana kama Auto-5 ikatengenezwa Herstal, Ubelgiji. Iliendelea kutengenezwa kwa takriban karne nzima.

Ilitoka wakati mbaya, au wakati mzuri, kutegemea unamuuliza nani. Marekani ya miaka hiyo ilikuwa na wawindaji wa soko, watu waliouza bata kwa mapipa kwenye hoteli za Baltimore na New York, wengine wakitumia mizinga iliyofungwa kwenye mitumbwi na kulilipua kundi zima lililolala juu ya maji. Njiwa wa kuhama, ambaye makundi yake yaliwahi kulifunika jua, alikwisha kabisa: wa mwisho, aliyeitwa Martha, alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. William Hornaday, aliyekuwa akiongoza bustani ya wanyama ya New York, aliishambulia bunduki ya kujijaza katika kitabu chake cha 1913 kana kwamba ni tauni. Jimbo la Pennsylvania lilikuwa limeshaipiga marufuku katika uwindaji mwaka 1907. Mwaka 1916 Marekani ikafanya mkataba na Uingereza kwa niaba ya Kanada kuhusu ndege wanaohama, na sheria ya kuutekeleza ikapita 1918. Kisha ukaja ukame wa miaka ya 1930, mabwawa yakakauka, bata wakapungua vibaya, na 1935 zikatoka amri kadhaa kwa pamoja: marufuku ya kumwaga nafaka ili kuwavuta ndege, marufuku ya kutumia bata hai kama chambo, na kijiti chetu.

Sasa tazama hesabu. Kama lengo lilikuwa kupunguza idadi ya bata wanaouawa, njia iliyonyooka ilikuwepo tayari: kiwango cha siku. Mwindaji huambiwa anaruhusiwa bata kadhaa kwa siku, na akishawapata anafunga bunduki yake. Mwenye risasi tatu na mwenye risasi tano wote watasimama kwenye kiwango kilekile. Tofauti yao ni kwamba mmoja atajaza bunduki mara nyingi zaidi. Kwa hiyo kijiti, kikipimwa kwa ndege wanaofika nyumbani, hakina uzito mkubwa. Ushahidi wa pili umetoka kwa serikali hiyohiyo. Kufikia miaka ya 1990 bata bukini weupe wa katikati ya bara walikuwa wameongezeka kupita kiasi, wakineemeka kwa mpunga na mahindi ya mashamba ya kusini wakati wa baridi, kisha wakirudi kaskazini kwenye mwambao wa ghuba ya Hudson na kung'oa majani na mizizi hadi ardhi ikabaki tope la chumvi. Mwaka 1999 serikali ikafungua msimu maalumu dhidi yao, na katika msimu huo kijiti kinaruhusiwa kutolewa. Risasi ya nne, iliyokuwa kosa kwa zaidi ya miaka 60, ikawa huduma kwa mazingira. Anayedhani kwamba tatu ni namba ya uadilifu ana kazi hapa ya kueleza jinsi uadilifu unavyobadilika kwa kuhesabu bukini. (Wingi wao, kwa taarifa, haukushuka kwa bunduki kama ilivyotarajiwa, lakini hilo ni somo jingine.)

Kwa hiyo sheria huhesabu ndege, na ina haki ya kufanya hivyo. Ni kazi ya sheria. Ila kuna ndege ambao haiwezi kuwahesabu. Kundi la bata likishuka juu ya maji, risasi ya kwanza hulengwa: jicho limemchagua ndege mmoja, mwili umemfuata. Ya pili mara nyingi hulengwa pia. Kufikia ya tatu, ndege wametawanyika na kupanda, wanatoa migongo badala ya vifua, na kila pigo la moyo linawapeleka mbali zaidi. Ya nne na ya tano hupigwa kuelekea kundi, si kuelekea ndege. Na risasi ya marisau si punje moja. Ganda la kawaida la kupigia bata huweza kubeba punje zaidi ya 100, zinazosambaa kadiri zinavyokwenda. Mbili au tatu kati ya hizo zinaweza kumfikia bata ambaye hakuna aliyemtazama. Haanguki. Anaendelea kuruka na wenzake mpaka upeo wa macho, na anakufa kesho au wiki ijayo katika matete asiyoyajua mtu. Huyo hayumo katika kiwango cha siku, hayumo kwenye mfuko wa mwindaji, wala hayumo katika kumbukumbu yake. Kijiti, nadhani, kilichongwa kwa ajili ya huyu zaidi ya wote, hata kama waliokichonga walikuwa wakifikiria takwimu.

Wanazuoni wa fiqhi walikutana na tatizo hili kwa sura nyingine. Adi bin Hatim, aliyekuwa mwindaji, alimuuliza Mtume kuhusu mawindo, na majibu aliyopewa yamehifadhiwa katika vitabu vya hadithi. Fimbo ya kurusha ikimpata mnyama kwa ncha, ale. Ikimpata kwa ubavu, asile, kwa kuwa huyo amekufa kwa kupondwa. Na windo likikutwa limezama majini lisiliwe, maana mwindaji hawezi kujua ni mshale uliomuua au ni maji. Hilo la maji ndilo linalonivutia, na kwa mwindaji wa bata ni kama liliandikiwa yeye. Mnyama yuleyule, mshale uleule, mtu yuleyule mwenye njaa yake halali. Kilichobadilika ni ujuzi tu. Hajui alichokifanya, na kutojua huko kunatosha kumnyima chakula. Neno letu bunduki lenyewe linagusa mabishano ya aina hii: kwa Kiarabu bunduq ni kokwa, kisha ni kitufe cha udongo kilichorushwa kwa upinde kupigia ndege, na mafakihi wengi walisema ndege aliyekufa kwa kitufe hicho si halali mpaka awahiwe kuchinjwa akiwa hai, kwa sababu kitufe huponda, hakichomi. Baruti ilipofika wakabishana upya: je, punje ya moto inaponda au inatoboa? Mtu wa leo anaweza kuyaona haya kuwa ni kukata unywele. Mimi naona ni watu waliokataa kuruhusu neno «nimepiga» litumike ovyo. Walitaka anayelisema aweze kuonyesha amepiga nini, kwa kipi, na kilichofuata ni nini.

Hapo ndipo ninaposimama. Haki ya kupiga, kwa anayekubali kwamba ipo, inakwenda sambamba na uwezo wa kujibu juu ya kila risasi. Ndege aliyechaguliwa, akaanguka, akaokotwa, akaliwa, ana mtu wa kumjibia. Risasi iliyopigwa kwenye kundi haina mwenyewe. Imetoka katika bunduki ya mtu fulani lakini hakuna aliyeikusudia mpaka mwisho wake. Ortega y Gasset, aliyeandika kuhusu uwindaji mwaka 1942 akiwa Lisbon, aliona kwamba mwindaji hujiwekea mipaka kwa hiari, kwa sababu akitumia uwezo wake wote atakuwa anaangamiza na si kuwinda. Ni hoja nzuri lakini nadhani imekaa upande usiofaa. Inamfikiria mnyama kama mpinzani anayestahili kupewa nafasi. Bata hana faida yoyote na «nafasi» iliyomwacha na punje mbili kwenye utumbo. Akikosewa kabisa ni sawa, akifa papo hapo ni sawa. Asichostahili ni hali ya katikati, na hali ya katikati ndiyo inayozaliwa na risasi isiyo na mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba bunduki haina lawama, mshale hauchagui, mtu ndiye mwenye dhambi. Ni kweli kwamba chuma hakina nia. Lakini chombo kina wakati wake, na wakati ndimo nia inamoishi. Mwenye bunduki ya mitutu miwili akishapiga mara mbili lazima aivunje, atoe maganda, atie mengine. Sekunde hizo hakuzitaka, lakini ndani yake hutokea kitu: anaona maji, anaona kilichoanguka, anaona kilichoyumba. Mwenye bunduki ya kukokota kwa mkono ana kazi ndogo kati ya risasi na risasi, lakini ni kazi. Browning aliiondoa hiyo. Uamuzi mmoja, ule wa kwanza, unaweza sasa kurefushwa mpaka risasi ziishe bila kufanywa tena. Muislamu anayetaja jina la Mungu kabla ya kupiga anaijua maana ya jambo hili bila kuelezwa: hiyo ya nne ilitajiwa jina lini? Kijiti kinarudisha kwa nguvu ule mwanya uliopotea. Si kwamba bunduki ni ovu. Ni kwamba imekata kipande cha muda ambacho tulikuwa tukikitegemea bila kujua tunakitegemea.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la huruma, na sitalipita haraka. Bata aliyejeruhiwa akiwa bado juu ya maji anahitaji risasi ya pili mara moja, na bunduki inayojijaza ndiyo inayompa upesi kuliko zote. Tena teke lake ni dogo, hasa kwa zile zinazotumia gesi ya baruti, kama ilivyokuwa Remington 1100 ya mwaka 1963: bega haliumizwi, mtutu hauruki sana, jicho halimpotezi ndege. Zile za Benelli zinazotumia mwendo wa kitasa chenyewe ni nyepesi na hazichafuki haraka, ila zinapiga bega kwa ukali zaidi. Na kuna suala la madini. Kiswahili kinatumia neno risasi kwa madini na kwa kinachotoka kwenye mtutu, lakini tangu 1991 risasi za kupigia bata Marekani hazina risasi ndani yake: bata humeza punje zilizozama topeni wakidhani ni changarawe za kusagia chakula kwenye firigisi, wakafa kwa sumu, na tai waliowala wakafa pia. Zikaja punje za chuma. Chuma ni chepesi, takriban gramu 7.8 kwa sentimita moja ya ujazo dhidi ya 11.3 za risasi, kwa hiyo hupoteza kasi mapema na kumjeruhi ndege wa mbali ambaye zamani angekufa. Kwa hali hiyo uwezo wa kurudia haraka ni wema, na mimi nakubali. Lakini angalia wema huo unahitaji risasi ngapi. Moja ya kumpiga ndege uliyemchagua, moja ya kummalizia, na moja ya akiba ikiwa mkono ulitetereka. Hoja ya huruma inafika tatu na kuchoka. Ya nne itabidi itafutiwe hoja nyingine.

Hoja ya kujibia kila risasi inabadilisha pia maana ya kuchagua bunduki. Mazungumzo dukani huwa ni ya umbali: ganda la inchi tatu au la inchi tatu na nusu, mdomo wa mtutu ubanwe kiasi gani, bata wa mita 50 atafikika au la. Anayekubali kwamba anapaswa kujibia kila risasi atauliza maswali ya karibu zaidi. Je, kitako kinamkaa begani kiasi kwamba mtutu unaelekea anakotazama bila kupapasa? Je, swichi yake ya usalama inafikika kwa kidole kilichovaa glavu? Kisha atafanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: ataweka karatasi kubwa umbali wa mita 35 hivi, atapiga, na kuhesabu matundu. Karatasi haidanganyi wala haibembelezi. Inamwonyesha kwamba kwa risasi hii na mdomo huu, kwa umbali huu, duara la bata limepata punje za kutosha au lina pengo ambalo ndege mzima anapita. Akishajua hapo, ana mpaka wake mwenyewe, mfupi kuliko ulioandikwa kwenye boksi la risasi, na bata aliye nje ya mpaka huo hamhusu hata akiwa mzuri kiasi gani. Huu ni usufii wa kienyeji kidogo, kuhesabu matundu kwenye karatasi, lakini sijui zoezi lililo karibu zaidi na mtu kuijua mipaka yake.

Atakuja mwingine aseme: kama mtu amejua mipaka yake, kijiti cha nini? Na kama hajajua, kijiti hakimfanyi mwema. Kinamfanya mtu asiyeweza tu. Ni pingamizi la wapenda uhuru na lina ukweli ndani yake. Aldo Leopold, aliyewinda maisha yake yote, alieleza katika kitabu kilichotoka 1949 kwamba mwindaji hana watazamaji wa kumpigia makofi wala kumzomea, hivyo maadili yake ni yale anayoyashika akiwa peke yake. Qurani, katika sura ya Al-Maida, inafika mahali hapo kwa njia yake: waliokuwa katika ihramu, hali ya hija inayokataza kuwinda, walitahiniwa kwa mawindo yaliyosogezwa karibu hadi mikono na mikuki yao iliyafikia, ili ajulikane anayemwogopa Mungu asiyemwona. Wepesi ndio uliokuwa mtihani. Sasa, kijiti hakiuondoi mtihani huo? Sidhani. Kijiti kinatolewa kwa kufungua kifuniko cha bomba, kazi ya dakika mbili, na kwenye mabwawa ya Bear River alfajiri askari hayuko kila mahali. Anayekiacha ndani amefanya uamuzi nyumbani, damu ikiwa baridi, kwa niaba ya mtu atakayekuwa saa kumi na mbili asubuhi, mabawa yakivuma juu ya kichwa chake. Watu hufunga ndoa mbele ya mashahidi na kuweka nadhiri kwa sauti kwa sababu hiyohiyo: hawamwamini sana mtu watakayekuwa baadaye. Kujifunga mapema ni sehemu ya kujitawala, na aliyejifunga hajapoteza sifa ya kujizuia.

Linabaki la mwisho, kwamba bata asiuawe kabisa. Linatoka hata ndani ya nyumba ya Browning mwenyewe: Spencer Kimball, rais wa kanisa la Wamormoni, aliwaambia waumini wake mwaka 1978 wasiwaue ndege kwa kujifurahisha. Kenya ilikuwa imeufunga uwindaji wa wanyama pori mwaka uliotangulia. Wawindaji wa bata wa Marekani hujibu kwa pesa: tangu 1934 kila mmoja wao, ukiacha vijana, hununua stempu ya bata, leo dola 25, na fedha hizo zimenunua na kulinda mamilioni ya ekari za mabwawa ambayo yangekuwa mashamba ya mahindi. Ni kweli na ni jambo kubwa, ila halijibu kilichoulizwa, kwa sababu kulipia bwawa si sawa na kumjibia ndege. Anayekula kuku wa kiwandani, aliyeishi wiki sita bila kuona jua, hana mahali pa juu pa kumhukumu mwenye bata mmoja mfukoni. Asiyekula nyama yoyote anapo, na hoja yangu haimgusi: nimeuliza tu mwenye kupiga anadaiwa nini, na sikuthibitisha kwamba lazima apige. Sheria yenyewe humdai kidogo zaidi ya kijiti. Humtaka afanye juhudi ya kweli kumtafuta aliyeanguka, na akimpata humhesabu katika kiwango cha siku, awe mzima au amechanika. Ndiyo maana wawindaji wengi wa bata wana mbwa. Mbwa hajui kiwango cha siku wala kijiti. Anaingia kwenye maji ya baridi kumfuata yule bata aliyeyumba akaangukia ng'ambo ya matete, na bwana wake, mwenye risasi moja iliyobaki chemba na kundi la pili likikaribia, anatakiwa aamue kama atatazama juu au atamtazama mbwa.